Jinsi ya Kuizuru Moshi Bila Kupanda Mlima

Ukishuka stendi ya Moshi na begi mgongoni, swali la kwanza utakalopigwa ni hili: "Unapanda lini?" Ukijibu kwamba hupandi, utatazamwa kama mtu aliyekwenda harusini akakataa pilau. Mwongozo huu umeandikwa kukutetea. Umevuka mpaka wa Holili ukitokea Taveta, au umekuja na basi la Dar, huna buti za mlimani wala fedha za kiingilio cha hifadhi, na unachotaka ni kuona mji wa zamani na maisha ya vijijini. Umefika penyewe. Kazi ya mikono ya watu kwenye miteremko hii inastahili safari sawa na kilele chenyewe, na kuitazama hakumkati mtu pumzi. Fuata hatua hizi.

1. Malizana na mlima alfajiri

Amka jua halijachomoza. Kibo, kilele cha mlima, hujitokeza mapema, kisha mawingu hufunga, na mara nyingi hayafunguki tena mpaka jioni. Aliyelala hadi saa nne akaamka kulalamika kwamba hakuuona mlima, ana ugomvi na shuka lake. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alisema ameona theluji karibu na ikweta, na mabingwa wa jiografia waliokaa London wakambishia kwa miaka. Wao hawakuwa wamefika, wewe umefika. Tazama, piga picha zako, kisha tia simu mfukoni. Saa zote zilizobaki ni za kuangalia vitu vilivyo karibu na miguu yako.

2. Usome mji kwa miguu

Anzia stesheni. Reli kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1911, na ndiyo iliyoushusha mji. Kabla ya hapo, Moshi iliyojulikana ilikuwa huko juu, Old Moshi, kwa mangi, yaani mtawala, Rindi na mwanawe Meli. Abiria walikaa miaka mingi bila treni, ikarudi Desemba 2019. Kwa hiyo usilipite jengo hili mbio ukidhani ni gofu la Wajerumani. Watu bado wanapandia treni hapo.

Nenda Mnara wa Saa, kisha tafuta jengo la KNCU na usimame mbele yake. Walowezi wengi hawakutaka Mwafrika alime kahawa. Wakulima wa Kichaga wakaunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU, miongoni mwa vya kwanza vya Waafrika katika bara hili. Fedha za kahawa zikajenga shule na kusomesha watoto. Mwaka 1963 mji ukapata Chuo cha Ushirika, ambacho leo ni chuo kikuu. Ukiagiza kikombe cha kahawa mjini, muulize anayekuhudumia imetoka kijiji gani. Akijua, mwachie bakshishi. Asipojua, muombe aulize jikoni, maana kahawa isiyo na kwao inamnyima sifa mkulima wake.

3. Panda Old Moshi ukiwa umetulia

Hapa weka utani kando. Mwaka 1892 Mangi Meli aliwashinda Wajerumani vitani. Walirudi na nguvu zaidi, na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga pamoja na viongozi wenzake. Inaaminika kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na familia yake imekitafuta kwa miaka mingi. Unapoonyeshwa mti anaosemekana kunyongewa, vua kofia, sikiliza mpaka msimulizi amalize, na picha ya kutabasamu kaipige kwenye maporomoko ya Materuni. Hapa ni msibani, na msiba huu haujaanuliwa tanga.

4. Panda hiace ya Marangu na ukae dirishani

Ukishapita Himo gari linaanza kupanda, hewa inapoa, na utaona kitu ambacho wageni wengi hukiita msitu. Ni shamba, na ni nyumbani kwa mtu. Linaitwa kihamba, na ukilijua utalitazama kwa nusu saa bila kuchoka.

Anza juu. Miti mirefu kama mringaringa imeachwa makusudi itoe kivuli na mbao. Chini yake migomba ya aina nyingi: ya kupika, ya kuiva, ya pombe. Chini ya migomba, mibuni. Chini ya mibuni, magimbi, maharage na mboga. Pembeni kuna banda la ng'ombe ambaye hatoki kwenda malishoni. Analetewa majani na mashina ya migomba yaliyokatwakatwa, na samadi yake inarudi kwenye mashina ya migomba ileile. Hakuna kinachotupwa. Mwaka 2011 shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo huu kule Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia.

Kihamba hurithishwa, na wazee huzikwa humohumo. Ukiona mimea ya masale imepandwa mstari, jua huo ni mpaka, na huenda ni kaburi. Usikatize. Piga hodi, ngoja uitikiwe, na ukikutana na mzee anza na shikamoo kabla hujaulizia njia. Ukimkuta bibi anachambua maharage barazani, usimwelekezee kamera kabla hujaomba. Akikubali, mwonyeshe picha. Ana haki ya kusema haikumpendeza.

5. Fuata mfongo mpaka kwenye banio

Huu ndio utalii wenyewe. Mtafute kijana wa hapo kijijini akuongoze, mpatane bei kabla ya kuondoka, kisha muombe akupeleke kwenye mfongo, yaani mfereji wa asili. Wazungu waliopita hapa karne ya 19 waliistaajabia mifereji hii, nayo ilikuwapo zamani kabla yao.

Kwenye banio, mto umezuiwa kwa mawe, udongo na mashina ya migomba. Maji yanaingia kwenye mfereji unaoweza kuuvuka kwa hatua moja, kisha yanatembea ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo kiasi kwamba utadhani yamesimama. Weka jani juu yake ulione likiondoka. Aliyepima mteremko huo hakuwa na chombo cha kupimia zaidi ya macho na maji yenyewe.

Maji yana zamu, kila ukoo unajua saa yake. Mfereji ukibomoka watu huitwa kuuchimbua, na asiyefika hutozwa faini. Kwa hiyo usinawie miguu humo, usioshe viatu, na usitupe hata ganda la pipi.

6. Kula kinacholiwa hapo

Agiza mtori. Agiza machalari. Vyote ni vyakula vya ndizi. Ukikaribishwa mbege, uliza kwanza ilivyotengenezwa: ndizi mbivu zilizochemshwa, kimea cha ulezi, na gome la msesewe linaloipa ukali. Ngoja mwenyeji aonje kabla yako, kisha pokea kata kwa mikono miwili. Kama hunywi pombe, shukuru na useme hivyo wazi, hakuna atakayenuna. Unga wa ulezi utakaokaa mdomoni si uchafu, ni chakula. Tafuna.

7. Lipa kabla ya kusifu

Watu wakishakula na kuona, huwa wanasifu sana na kutoa kidogo. Geuza mpangilio. Mlipe kijana aliyekuongoza, mlipe mama aliyekupikia, nunua kahawa iliyokaangwa kijijini na mkungu wa ndizi, hata kama konda wa hiace atakutoza nauli ya mzigo.

Nalisisitiza hili kwa sababu mlima hautakosa wageni. Mfongo unaweza kukosa wachimbaji. Vijana wengi wako Dar, Arusha na Nairobi, na Desemba hurudi kwa wingi "kuhesabiwa", Januari vihamba vikabaki na wazee. Kijana akiona mgeni amevuka mpaka kuja kutazama banio alilojenga babu wa babu yake, na akalipwa kwa kumwonyesha, amepata sababu moja ya kulitengeneza likibomoka. Sababu hiyo unaweza kuileta wewe, na haitakulazimu kupanda hata mita moja juu ya migomba.