Dola ya Parafujo

Katika elimu ya kufufua magari yaliyokwisha kufunikwa na majani, watu hutaja injini, giaboksi na fremu kwa taadhima kubwa, kana kwamba ndizo zenye amri ya gari, na mimi, kabla sijakaa na fundi chini ya mwembe ulio nyuma ya nyumba yangu Ngamiani, mjini Tanga, niliiamini rai hiyo pasipo kudai ushahidi. Lakini injini, kwa uzito wake wote, ni kiumbe mtiifu: haipotei, haiviringiki chini ya kabati, haimezwi na kuku, na ukiiacha asubuhi juu ya magogo, jioni utaikuta papo hapo, imekaa kwa adabu, ikingoja hukumu yako. Wenye dola ya kweli katika gari kuukuu ni raia wake wadogo, parafujo, nati, washa, pini, springi za milango na kulabu za boneti, ambao hawana cheo wala sauti, wala hakuna aulizaye habari zao gari linapokwenda. Ila mmoja wao akikosekana, wakubwa wote hukaa kitako na kumngoja.

Gari lenyewe ni Land Rover ya pikapu, ya toleo la pili, lile lililoanza kuundwa mwaka 1958. Lilitumika katika shamba moja la mkonge kwa umri mrefu kuliko wanaojaliwa watumishi wengi wa mkonge, hata likastaafishwa pasipo kiinua mgongo na kuachwa nyuma ya karakana, masika ikilinyeshea na jua la kaskazi likilikausha. Nililinunua kwa bei ambayo mke wangu aliiita ghali kabla hajaliona gari, na baada ya kuliona akaacha kabisa kutaja bei, akauliza kama muuzaji alikuwa na ugomvi nami.

Kwa insafu ni lazima niseme kuwa mwili wa gari ulikuwa na afya. Kampuni ya Rover ilipoionyesha Land Rover ya kwanza huko Amsterdam, Aprili 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na feleji ikigawiwa kwa vibali, kwa hiyo waundaji wakakimbilia bati za aloi ya alumini, ambazo hazijui kutu, na ndiyo sababu magari haya hudumu hata wenyewe wakachoka nayo. Jambo ambalo wasifuji hulipitia kwa haraka ni kuwa bati hizo zimeshikanishwa kwa vyuma, na chuma kinapokaa ubavuni mwa alumini katika hewa yenye unyevu na chumvi, nayo hewa ya Tanga haina upungufu wa vyote viwili, huzuka baina yao mkondo mdogo wa umeme ambao huila alumini taratibu na kuigeuza unga mweupe. Bawaba za mlango wa dereva zilikuwa zimezama katika unga huo, na parafujo zake, ambazo hapo kale zilikuwa na vichwa vyenye mfereji wa kuingia bisibisi, sasa zilikuwa na vichwa tu.

Fundi wangu ni mzee wa maneno machache, aliyejifunza kazi katika karakana za mashamba, na msaidizi wake, kwa nguvu ya udugu wala si kwa ombi la mtu, alikuwa shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, kijana mwenye misuli mingi kuliko subira. Siku ya kwanza shemeji aliiendea bawaba na nyundo mkono mmoja na tindo mkono wa pili. Mzee akamzuia.

"Mwanangu, hii haigombwi. Inapewa mafuta jioni, inaachwa ilale. Asubuhi unakuja kuiamkia."

Ikawa kila alfajiri, baada ya sala, mzee hupita na kopo lake la mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili chafu ya injini, akizidondoshea parafujo moja moja huku akinong'ona maneno ambayo mimi niliyadhani ni dua, mpaka niliposogea karibu nikasikia kuwa ni matusi. Zilizokaidi matusi hayo zilitiwa moto, na zilizokaidi moto zilirudishiwa matusi, na kwa njia hiyo, moja baada ya moja, zikaanza kutoka.

Zilipotoka ndipo tulipofahamu kuwa dola hii haina sheria moja. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza hesi za bolti zote zichongwe kwa pembe ya nyuzi 55, na wenzake wakamfuata. Wamarekani wakashika nyuzi 60, na kila taifa likaishi kwa raha na ukaidi wake hata vilipokuja vita vikuu vya pili, majeshi yaliyopigana upande mmoja yakajikuta nati za huyu hazikubali bolti za yule. Mapatano ya hesi moja yalitiwa saini mwaka 1948 baina ya Uingereza, Marekani na Kanada. Lakini mapatano ni wino na karakana ni chuma: gari langu liliundwa katika zama za mpito, baadhi ya viungo vyake vimekwisha kula kiapo cha sheria mpya, vingine vingali raia waaminifu wa zamani, na vyombo vya umeme vina parafujo zao ndogo zenye kanuni ya tatu, zisizopatana na upande wowote. Juu ya hayo, spana za kale za Kiingereza zina desturi ya kuandikwa kipimo cha bolti yenyewe, wala si cha kichwa kinachoshikwa, hata mtu mwaminifu akipima nati kwa rula yake hupata hesabu isiyoandikwa juu ya spana yoyote duniani.

Shemeji hakutaka kuyasikia haya. Alileta sanduku lake la spana za milimita, alizozoea kufungulia pikapu za Kijapani, akatangaza kuwa nati ni nati. Ile ya 13 iliivaa nati ya nusu inchi kwa bashasha, maadamu nusu inchi ni milimita 12.7, na ile baki ndogo ambayo mwalimu wa hesabu angeisamehe ilitosha kuinyoa nati pembe zake zote sita, ikabaki duara, inang'ara, haina pa kushikwa. Mzee aliitazama, akaenda zake kunywa kahawa.

Kazi ya kusafisha ilihamia kwenye makarai. Vyuma vyenye kutu nyepesi vililazwa ndani ya siki, ambayo huila kutu pole pole na kukiacha chuma kijivu. Na siki hiyo, kwa kuwa Ramadhani ilikuwa ikikaribia, ilikuwa imenunuliwa kwa ajili ya achari, na juu ya jambo hili sitaki kusema zaidi. Vyenye kutu nene viliingia katika karai kubwa la maji ya magadi: waya wa hasi wa chaja ya betri hufungwa kwenye kile kinachotakaswa, waya wa chanya kwenye kipande cha chuma kisicho na thamani, umeme ukapitishwa, na baada ya saa kadhaa kutu hubanduka kwa kusuguliwa tu. Maji hutoa povu, kwa sababu kwenye kile kinachotakaswa hutoka gesi ya haidrojeni, ndiyo maana kazi hii hufanywa nje, mbali na moto na sigara. Jirani yetu, mama mtu mzima, alipiga hodi kuomba kaa la moto, akaona karai linachemka pasipo moto, ndani yake mnyororo umelala, na pembeni wanaume watatu wamechutama kimya. Salamu yake iliishia katikati. Jioni tulipata habari msikitini kwamba nyumbani kwetu kuna mgonjwa anazinguliwa, na watu wawili wema waliniuliza kama amepata nafuu.

Katika karai hilo shemeji, ambaye alikwisha kuelezwa kuwa magadi huila alumini, ila alielezwa wakati anakula, alitumbukiza pia kifuniko kimoja cha alumini, kikatoka cheusi, kina vishimo, na chepesi kuliko kilivyoingia. Mke wangu akatuonea huruma. Jeti za shaba za kabureta hakukubali tuziguse. Alizichukua mwenyewe, akazisugua kwa ukwaju uliorowekwa, dawa ambayo mama zetu wa pwani hung'arishia masinia, na ni yeye pekee katika habari hii yote ambaye kila alichokishika kilipendeza.

Sasa boksi la usukani. Ndani yake mna gololi za feleji, zinazopita katika mifereji ya hesi ili usukani uzunguke kwa wepesi, na mzee alizitoa, akaziosha kwa petroli, akazianika juani katika kisosi. Kabla ya adhuhuri kisosi kilikuwa kitupu, na mtaani kulikuwa na mashindano ya gololi ambayo hayajapata kuonekana, kwa kuwa gololi ya feleji huivunja ya kioo kwa pigo moja. Kuzirejesha ikawa kazi ya usuluhishi. Nyingi zilikombolewa kwa maandazi. Lakini bingwa wa mchezo, mtoto wa nyumba ya pili, mwenye umri usiofika miaka kumi na akili ya wakili wa Mahakama Kuu, alijibu kwa heshima zote kuwa yeye alizishinda kwa haki, mbele ya mashahidi, na hana daawa na gari wala na mwenye gari. Nilikwenda kumshtaki kwa baba yake. Baba alimsikiliza mwanawe, akafikiri, akaita mashahidi wawili, kisha akanihukumu mimi nilipe. Nikalipa kwa gololi za kioo, mbili kwa moja. Mzee alipozihesabu alikuta imezidi moja. Akaigeuza geuza, akasema hii ni ya baiskeli, akaitia mfukoni.

Habari ya rangi nitaipita upesi. Rangi ya kupuliza, ikipulizwa katika mvuke wa masika, hukauka kwa haraka na kuipoza bati, unyevu ukatua juu yake, na kijani kilichokusudiwa kikageuka ukungu. Tukangoja kaskazi. Vyuma vilivyokwisha kupakwa vilitundikwa kwenye kamba ya kuanikia nguo, safu ndefu ya bawaba na kulabu baina ya kanga na mashuka, na upepo, ambao hauchagui, ukavisukuma pamoja. Kanga moja ya mke wangu ilichukua chapa ya bawaba mbili, kijani kilichokolea, kila moja na matundu yake. Hataki kuifua. Anasema ni ushahidi.

Ikabaki kuunga. Mimi, kwa desturi ya ukarani niliyoitumikia nusu ya maisha, nilikuwa nimezigawa parafujo katika makopo ya maziwa ya unga, kila kopo na karatasi yake iliyoandikwa kwa khati safi na kubandikwa kwa gundi ya unga wa ngano. Mende wa Ngamiani wanaipenda gundi hiyo kwa mahaba ya kweli. Miezi ya kungoja kaskazi iliwatosha: walikula gundi, wakaonja karatasi, wakaniachia makopo yaliyopangwa vizuri yasiyo na majina. Mzee, ambaye hakupata kuyasoma makopo yangu hata yalipokuwa na la kusomwa, hakutikisika, kwa kuwa yeye alikuwa na mkeka. Ulitandikwa barazani tangu mwanzo, na juu yake aliliandika gari zima kwa vile vyuma vyake mwenyewe alivyovifungua: upande wa kibla ni boneti, upande wa jikoni ni mlango wa nyuma na minyororo yake, na baina yao kila nati imelazwa pale ambapo ingelala kama gari lingalishuka kutoka juu likatua mkekani.

"Karatasi huliwa, Maalim," aliniambia. "Mahali hapaliwi."

Sheria ya mkeka ilikuwa moja: kilichopo mahali ndicho cha mahali hapo, na mtu asihoji. Wageni waliketi uani, watoto walipita ukutani ukutani, na mke wangu peke yake ndiye aliyeruhusiwa kukaa ukingoni, ilipo dashibodi, kwa kuwa pana mwanga wa kushonea, na cherehani yake ya mkono ilikuwa hapo kabla ya gari. Alikuwa akishona nguo za arusi ya mpwa wake wa Muheza. Siku moja cherehani ikaanza kulegea, ikaruka mishono, ikagoma kabisa. Akaipa mafuta, akaichokora, akasema ni uzee.

Kazi ilikwenda kwa utaratibu wa mkeka, kutoka kibla kuelekea jikoni, na ni haki kusema ilikwenda vizuri mno. Tulipofika dashibodi, ambayo katika magari haya hubeba spidomita na wenzake kwenye bamba la katikati, parafujo moja ya bamba hilo ilikataa. Ilikuwa na kichwa king'avu kuliko za jirani zake na hesi nyembamba zaidi. Shemeji alisema, kwa mara ya kwanza akiwa na haki, kuwa si yake. Mzee alimtazama kwa huruma, akamwonyesha mkeka, kisha akaikaza kwa nguvu zote mpaka ikakubali, au ikachoka.

Safari ya kwanza ilikuwa ya kwenda arusini. Nyuma tulipakia mchele, nguo zisizokwisha kushonwa, shemeji, na cherehani, ambayo ilikuwa ikipelekwa kwa fundi wa Muheza kutazamwa. Tulipofika Pongwe mke wangu, ambaye tangu kutoka mjini alikuwa kimya akiikazia macho dashibodi, aliniomba nisimame.

"Baba Watoto," akasema, "ile pale ni yangu."

Nikatazama nje, nikidhani ameona mbuzi. Akakigusa kwa kidole kile kichwa king'avu, na kabla sijapata neno la kumjibu, alikwisha kutoa mkobani bisibisi ndogo ya cherehani, na parafujo ikatoka pasipo mafuta ya taa, pasipo moto, pasipo matusi. Akashuka, akaenda nyuma, na punde nikasikia gurudumu la cherehani likizunguka na shemeji akisifu. Lile bamba, lililokuwa limeshikwa na ukaidi wa ile moja kuliko uaminifu wa zile nyingine, likainama polepole na kugeuzia uso wake wote kiti cha mke wangu. Aliporudi na kufunga mlango nilimlalamikia kuwa sasa sitaweza kuuona mwendo wangu.

"Mimi nauona," akajibu. "Punguza."

Nasi tulikuwa hatujaondoka.