Nimeua Risasi Tano

Chini ya kiti cha skuta yangu kuna betri tano. Nasema kuna, maana maiti bado zimo. Fundi alipomaliza kuzipima alizima mita yake, akaifuta kwenye ovaroli, kisha akaniuliza kwa ile sauti ya daktari anayetaka ndugu wa mgonjwa wakae kwanza: "Mzee, uliiacha muda gani bila kuichaji?"

Nikamwambia siku chache.

"Chache ngapi?"

"Kama ishirini na sita hivi."

Hakusema neno. Alianza kukusanya spana zake.

Niseme ukweli, Shinyanga hii mtu hana sababu ya kuwa na skuta ya umeme. Mji wenyewe umelala tambarare kama mkeka. Neno daladala, ambalo Dar es Salaam ni basi, huku kwetu ni baiskeli yenye kiti cha sponji nyuma na kijana mwenye miguu ya chuma mbele. Ukitoka Ngokolo kwenda popote unapakiwa, unafika, unalipa, yamekwisha. Mimi nikajiona nimeendelea. Nikanunua chombo cha volti 60: betri tano za volti 12, zimeungana moja nyuma ya nyingine kama ng'ombe wanaokwenda lambo. Muuzaji aliniapia kwamba hiki chombo hakili mafuta. Kweli hakili. Ila hakuniambia kwamba kinakula kila usiku, kwa saa zake, kama mgonjwa aliyeandikiwa dozi.

Masharti nilipewa baadaye. Ukirudi safari usichomeke papo hapo, iache betri ipoe nusu saa. Taa ya chaja ikigeuka kijani usikurupuke kuchomoa, iache saa moja au mbili imalizie. Usiiache juani. Na kubwa kuliko yote, isilale na njaa. Mke wangu, Mama Kulwa, alinisikia nikimweleza jirani kwamba hizi ni betri za risasi, akatoka jikoni na mwiko mkononi: "Risasi? Ndani ya nyumba yangu yenye watoto?" Nikamfafanulia kwamba ni risasi ile ya madini, vibamba vilivyozamishwa kwenye asidi. Neno asidi likaharibu zaidi. Tangu siku hiyo skuta inalala barazani.

Sasa mwezi uliopita shemeji akapiga simu kutoka Nyarugusu, kule Geita. "Shemeji, duara tumeshagusa." Duara ni shimo la wachimba dhahabu, na watu wa ukanda huu tunalifahamu hilo neno "tumeshagusa", limeuza ng'ombe wengi kuliko minada. Alfajiri nilikuwa stendi. Skuta niliiegesha ikiwa na kijiti kimoja cha chaji, nikajiambia kwamba kwa kuwa siitumii, haitachoka. Nilidhani betri ni jembe, ukiliegemeza ukutani utalikuta vilevile.

Ya duara sina la kueleza. Tulibeba viroba vya mawe mpaka kwenye karasha, mawe yakasagwa, yakaoshwa, na kilichobaki hakikutosha hata kuziba jino. Kitu nilichokiona chenye thamani kule kilikuwa kwenye kibanda cha mama mmoja anayechajia watu betri na simu.

Kibanda ni cha mabati, kina madirisha mawili na yote yako wazi, kwa sababu betri ya maji ikichajiwa inatoa gesi inayoweza kulipuka. Mlangoni ameandika kwa chokaa: USIVUTE SIGARA. USINIHARAKISHE. Betri za watu amezipanga kivulini, juu ya ubao, kila moja na jina la mwenyewe. Zenye vichwa vilivyoota ule unga mweupe-kijani anaziosha kwa maji ya moto yenye magadi, anakausha, anapaka grisi. Kisha anachungulia tundu moja moja kwa tochi. Vibamba vikiwa wazi anaongeza maji kidogo ya kuvifunika tu. Ya kujaza hadi alama anangoja mpaka chaji iishe, yasije yakafurika. Na ni maji ya betri ya chupa, si ya kisima. Kijana mmoja alileta chupa ya asidi, eti aongezewe nguvu. Mama akamrudishia: "Kinachopungua humo ni maji. Asidi haijaenda popote."

Saa tisa na nusu akaja mwingine anataka betri yake, Yanga wanacheza saa kumi.

"Haijajaa," mama akamwambia.

"Mama, imefika 12 kabisa, nimeona kwenye mita!"

"Ndiyo nakwambia haijajaa."

Na ni kweli. Hapo ndipo wengi tunapoliwa. Ubavuni imeandikwa 12, mita inasoma 12, basi mtu anashangilia. Betri hiyo ina seli sita, kila moja inatoa volti mbili na chenji, kwa hiyo iliyoshiba na kutulia inasoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12 kamili, mle ndani imebaki kama robo tu. Ni sawa na kumwona mtu amesimama ukasema mzima, kumbe ameegemea ukuta.

Nilimsifu sana yule mama. Nikavuta kigoda, nikaanza kumfundisha mambo ya skuta za umeme, maana msafiri hakosi mdomo. Alinisikiliza huku akifuta klipu zake, kisha akauliza, "Na yako, baba, umemwachia nani aichaji?"

Nikamuuliza bei ya vocha.

Nilirudi Shinyanga siku ya ishirini na sita. Hata viatu sikuvua, nikachomeka chaja. Baada ya dakika tano taa ikawaka kijani! Nikamwita Mama Kulwa aje aone chombo kinachojaa haraka namna hiyo. Nikapanda, nikawasha, skuta ikasogea mpaka kwenye mwarobaini wa jirani, ikakohoa, ikafa. Kijana wa daladala aliyekuwa anapita akafunga breki. "Mzee panda nikurudishe. Yangu inachajiwa kwa ugali."

Kuanzia hapo kila mwenye mdomo akawa daktari. Mzee wa nyumba ya tatu alikuja asubuhi, salamu za mwangaluka nyingi, akashauri nizianike. Zamani, anasema, betri za redio zikichoka walizianika juani kwenye jabali pamoja na michembe, na taarifa ya habari ya jioni walisikiliza. Ni kweli, hata babu yangu alifanya hivyo. Lakini zile zilikuwa betri nyingine kabisa. Hizi jua ndilo linalozimaliza. Mwingine akataka tuzibandue mifuniko tumimine asidi. Wa tatu alitaka kuzipasua ayeyushe risasi kwenye jiko letu, atengeneze vizito vya nyavu. Huyo alitimuliwa kwa mwiko, na safari hii Mama Kulwa alikuwa na haki yote, maana moshi wa risasi ni sumu, na watoto ndio huumia zaidi.

Fundi ndiye aliyenisomea hukumu. Ya kwanza volti 10.9, ya pili 11.1, ya tatu 4.2, ya nne sikutaka kusikia. Kumbe nilipoiacha na kijiti kimoja, king'ora cha kuzuia wizi kiliendelea kunyonya usiku na mchana. Betri ikikaa bila chaji, ile chumvi inayojitengeneza kwenye vibamba, ambayo chaja ingeiyeyusha mapema, inaganda na kuwa ngumu kama ukoko wa sufuria. Umeme haupiti tena, ndiyo maana chaja iliona hakuna wa kulishwa ikawasha kijani. Nikauliza kama naweza kununua moja tu, ile ya 4.2. Akasema mpya ukiifunga na nne zilizochoka, zitaichosha nayo. Hununuliwa zote tano kwa pamoja. Bei aliponitajia nilikaa kwenye ndoo, na ndoo ilikuwa na maji.

Betri ya namna hii aliibuni Mfaransa, Gaston Planté, mwaka 1859. Maana yake watu wamekuwa na zaidi ya miaka 160 ya kulijua jambo hili, na aliyekuwa hajaelewa ni mimi tu. Huko Ulaya ya kale kulikuwa na wataalamu waliozeeka wakijaribu kugeuza risasi iwe dhahabu, wakashindwa. Mimi nilifuata dhahabu Nyarugusu, na sasa akiba yangu yote inageuka risasi.

Maiti zitachukuliwa Jumamosi na mnunuzi wa betri chakavu, anapima kwa kilo. Wewe uliye machimboni au msibani, na chombo chako umekiacha nyumbani na kijiti kimoja, usingoje kurudi. Piga simu sasa hivi, waambie wachomeke.