Sifa za D Yangu

Wenye A wana wa kuwasifu: wazazi, shangazi, kundi la WhatsApp la ukoo mzima. D haina shangazi. Basi leo naisifu mimi, maana fadhila zake kwangu ni nyingi.

Kwanza ina haya. E hukuzaba kibao hadharani, 34 kushuka chini. D hujibanza kati ya 35 na 39, kama mgeni aliyefika mlangoni akaogopa kupiga hodi. Yangu ilikuwa 38. Ningepata mbili zaidi ningeitwa C, nikalala usingizi wangu, na hadi leo nisingejua masjala iko jengo gani.

Ndiyo iliyonifundisha hesabu. Mtihani wa mwisho una 60, kosiweki 40. Nilivuta boksi chini ya kitanda, lile walilonichekea wenzangu kwamba natunza makaratasi kama bibi anayetunza hati za shamba, nikajumlisha majaribio na kazi zote: 21. Mtandao wa chuo ulisema 12. Tarakimu zilikuwa zimevaa kandambili kushoto kulia.

Ikanifundisha na uandishi. Rufaa yangu ya kwanza ilikuwa kilio: nimesoma sana, mhadhiri hanipendi, nyumbani kuna matatizo. Niliichana mwenyewe. Rufaa haina masikio ya huruma. Inasikia kujumlisha kulikokosewa, swali lililorukwa bila kusahihishwa, utaratibu uliokiukwa. Ya pili ikawa ukurasa mmoja: namba ya usajili, msimbo wa kozi, 21 iliyogeuka 12, nakala za majaribio nyuma yake. Nakala moja nikabaki nayo, imegongwa muhuri wa kupokelewa. Ule muhuri usiudharau. Karatasi isiyo na muhuri huwa haijawahi kuletwa na mtu yeyote.

Na mazoezi je? Kwa mhadhiri, kwa mkuu wa idara, dirisha la malipo, kurudi idarani. "Katoka kidogo," katibu muhtasi aliniambia siku ya kwanza. Siku ya pili pia alikuwa katoka kidogo. Nilipungua kilo kadhaa bila gharama, ukiacha ada ya rufaa, niliyoilipa kwa kontrol namba mchana wa jua kali. Wakati huo siku za kukata rufaa zinahesabika tangu matokeo yabandikwe, na zenyewe hazitoki kidogo.

D ina ushujaa pia. Mwenye B+ akiomba karatasi yake isahihishwe upya hutetemeka, maana vyuo vingine alama mpya ndiyo inayobaki, hata ikishuka. Mwenye D atashukia wapi? Sapu, ule mtihani wa marudio, ilikwisha kuwa yake. Na sapu yenyewe ni mwenyeji mchoyo: uandike utakavyoandika, kwa kawaida hukupakulia C tu, tena wakati wenzako wako likizo wanakula maembe kwao.

Mhadhiri alifungua daftari lake, akaweka kidole kwenye jina langu, akakivuta taratibu hadi mwisho wa mstari. "Aisee," akasema. Akatoka kwenda kuandika barua ya masahihisho, maana Seneti ilikuwa bado haijayapitisha matokeo.

Siku hizi mahali pale pana 47. Ni C, imekaa kimya, haijanituma popote.