Fulu Opsheni, Kasoro Ninachotaka

Nataka Harrier. Nalisema mapema ili wanaotaka kunisema waanze mapema. Siitaki ile ya zamani, tako la nyani, maana kwa umri wangu siwezi kumwambia mchungaji kwamba nimekuja ibadani na tako la nyani. Nataka ile iliyofuata, iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2013 na ambayo mjini hapa imebatizwa Anaconda. Tena si Anaconda yoyote. Wajapani waliigawa kwa madaraja. Kuna Grand, ambayo licha ya jina lake kubwa ndiyo ya chini, kuna Elegance, halafu kuna Premium. Mimi nataka Premium, rangi ya damu ya mzee, yenye mlango wa nyuma unaojifungua kwa kitufe, kwa sababu mgongo wangu na gunia la mchele hawaelewani tena.

Hilo tu. Sijaomba helikopta.

Sasa nendeni mkaitafute. Anzieni Mwenge, mfuate Barabara ya Bagamoyo mpaka Tegeta, mkirudi mpitie Kinondoni. Mtakuta Anaconda nyeupe, Anaconda nyeusi, Anaconda ya fedha, na Anaconda nyeupe nyingine iliyooshwa asubuhi hiyo hiyo. Kabla hujafunga mlango wa bajaji, kijana wa yadi ameshafika. "Karibu mama. Hii ni fulu opsheni."

Dar es Salaam hakuna gari ambalo si fulu opsheni. Probox yenye vioo vya kuzungusha kwa mkono ni fulu opsheni. Pikapu isiyo na redio ni fulu opsheni. Nilimuuliza kijana mmoja anionyeshe basi walau gari moja ambalo si fulu, nijue tofauti. Akatafakari, akatazama yadi nzima, akasema, "Zile zimeisha, mama."

Ndipo nikajifunza kusoma gari mwenyewe. Kaa kwenye kiti cha dereva, inama kidogo, tazama kwenye dashibodi karibu na usukani. Pale pana nafasi za vitufe. Kwenye gari la daraja la juu kila nafasi ina kitufe chenye picha yake. Kwenye la chini utakuta vijifuniko vyeusi vya plastiki, visivyo na alama yoyote, vimeziba matundu ya vitu ambavyo mwenye gari wa kwanza, huko Japani, hakuvilipia. Ukitaka kujua gari limepungukiwa kiasi gani, hesabu vijifuniko. Nikamwonyesha kijana: huu mlango wa nyuma unaojifungua, kitufe chake kiko wapi? Akabonyeza kijifuniko kwa dole gumba. Kikabonyea kidogo, kikarudi.

"Betri imeshuka, mama."

Na nyuma ya gari hilo hilo palikuwa na beji imeandikwa Premium. Herufi ya kwanza imelala upande. Lakini kuna kibati cha chasisi ambacho hakina maneno mengi: ZSU60 ni ya kuvuta kwa magurudumu ya mbele, ZSU65 ni ya magurudumu yote manne, na herufi zinazofuata ndizo zinazotaja daraja. Kibati hakijui biashara, ndiyo maana hakuna anayekuonyesha mpaka ung'ang'anie.

Nikaamua kwenda na fundi wangu. Hapo nikageuka mzigo wa fundi. "Fundi, mama anataka nini?" Mama amesimama hapa, ana mdomo, ana miwani, ana na pesa. Fundi anajibu Premium. Kijana ananitazama kwa huruma, ananishika kiwiko, ananipeleka kwenye IST. Eti hii ndiyo gari ya kina mama: haili mafuta, kuegesha rahisi, na ina mahali pa kuweka pochi.

Nikiwasha gari, kuna dada ndani ya dashibodi anaongea Kijapani kwa adabu kubwa. Ni kile kifaa cha kulipia barabara za kwao, analalamika kwamba kadi haijawekwa. Kijana alinihakikishia kwamba dada huyo ananikaribisha. Na redio? Masafa ya FM ya Japani huanzia 76, na redio nyingi za magari yao huishia 90, kwa hiyo stesheni yangu ya taarabu, iliyo juu ya hapo, haimo. Ila gari ni fulu.

Sasa kwa nini hawaleti ninayoitaka? Nimekaa na wenye yadi, nimekunywa soda zao, na jibu ni moja: haiuziki tena. Mtu wa Dar hanunui gari lake, ananunua gari la yule atakayemuuzia. Anachagua nyeupe kwa sababu mnunuzi wa baadaye atataka nyeupe, na huyo naye atachagua nyeupe kwa ajili ya mwingine ambaye hajazaliwa. Katika mlolongo mzima hakuna hata mmoja aliyeulizwa anapenda rangi gani. Ukisema damu ya mzee, wanashtuka: "Mama, hiyo utakaa nayo." Lakini si ndiyo maana ya kununua kitu, kukaa nacho?

Kwa wakala wa magari mapya kabisa nilipita pia. Nikatazamwa viatu. Yaliyokuwapo yalikuwa meupe, marefu, yakisubiri mradi wa wafadhili yapewe namba za DFP. Harrier hawana.

"Agiza mwenyewe," wananiambia wote, wakiwamo wale ambao hawajawahi kuagiza hata kiatu. Nikaingia mtandaoni. Kule zipo! Premium, damu ya mzee, kitufe cha mlango kimepigwa picha kwa karibu. Nikafungua kikokotoo cha TRA. Ushuru wa forodha asilimia 25. VAT asilimia 18. Ushuru wa bidhaa asilimia 5, kwa bahati injini ni ya cc 1986, ingevuka 2000 ningekatwa 10. Halafu uchakavu: gari likivuka miaka 8 unaongezewa asilimia 15, likivuka 10 unaongezewa 30. Yaani mimi na gari tunazeeka pamoja huku nikipiga hesabu, na anayetozwa ni mimi. Nikitaka la umri mdogo, bei ya Japani iko juu. Tangu 2021, vichipu vilipoadimika viwandani na magari mapya yakachelewa, Mjapani naye alijifunza kung'ang'ania gari lake la zamani. Sikutegemea yeye pia anifanyie hivyo.

Nililiona lakini. Nilikuwa naenda Morogoro msibani, basi likasimama Chalinze watu wachimbe dawa. Pembeni limeegeshwa, damu ya mzee, vibandiko vya Kijapani bado viko kwenye kioo, namba za IT. Linakwenda Tunduma, livuke mpaka. Dereva, kijana wa kofia, amepakia abiria wawili ambao kisheria hawapaswi kuwamo, mmoja anatafuna karanga na maganda anayaacha kwenye kiti. Kijana akabonyeza kitufe. Mlango wa nyuma ukapanda taratibu, wenyewe, bila mtu kuugusa, akasukumia ndani tenga la nyanya. Akabonyeza tena, ukashuka.

"Hii Premium?" nikamuuliza.

"Sijui mama. Ni ya mtu wa Zambia."

Nilipanda basi bila hata kununua maji. Marehemu anisamehe, machozi niliyotoa Morogoro hayakuwa yake yote.

Jana dalali kanipigia, sauti ya juu, ana haraka, eti niwahi na advansi kabla mwingine hajaichukua. Imepatikana, mama. Damu ya mzee kabisa, ndani ngozi, mlango wa nyuma unajifungua, mwenyewe anahama, bei inazungumzika. Moyo ukaruka. Nikamuuliza mara mbili kama ana hakika.

"Mama, hakika! Ni ile ile unayoitaka, fulu opsheni. Ila tu siyo Harrier, ni Vanguard."