Jinsi ya Kung'ara Chuoni Uingereza kwa Njia za Mkato

Umepata 6.5 ya IELTS, umefika Uingereza, na kwenye semina hufungui mdomo. Sogea huku pembeni nikupe njia za mkato. Zote halali.

1. Usisome kila kitu. Ukipewa makala tano kwa wiki, anza na ikisiri, rukia hitimisho, kisha rudi kwenye utangulizi. Katikati ingia pale tu penye hoja unayoihitaji. Hata hao wenyeji wanaotikisa vichwa hawakumaliza zote.

2. Sema mapema. Andika swali moja nyumbani, uliulize dakika kumi za kwanza. Ukingoja sentensi inyooke, mada itakuwa imeshahama. Unapenda kuonekana, na nani hapendi? Hiyo ndiyo bei yake, na ni rahisi.

3. Iba mpangilio, usiibe maneno. Omba mfano wa insha iliyopata alama nzuri, utazame aya inavyofunguliwa na mwandishi anavyompinga mwenzake. Huo mtindo ni wa wote. Maneno yana mwenyewe, na Turnitin, programu ya kunasa maandishi yaliyonakiliwa, itamtaja.

Hapa nikae kidogo, maana ndipo wengi wetu tunapopoteza alama. Tumelelewa kubisha hodi, kusalimia na kuulizia wa nyumbani kabla ya kutaja shida iliyotuleta. Insha ya Kiingereza haitaki hodi. Weka jibu lako aya ya kwanza, halafu ulitetee kwa ushahidi mpaka mwisho. Na profesa aliyeandika kitabu mnachosoma, mpinge kama una hoja. Kwetu ungeonekana huna adabu. Kule, kumpinga kwa hoja ndiko kunakokupandisha daraja.

4. Nenda kwa mhadhiri saa zake za kuonana na wanafunzi. Beba nusu ukurasa, uulize: "Hii inajibu swali?" Dakika kumi zitakuokolea usiku mzima.

5. Usishtushwe na alama. Shahada ya kwanza kule, 70 ni daraja la juu kabisa. Ukipata 62, usimpigie mama ukilia.

6. Vyuo vingi vina kitengo cha kusaidia uandishi, na hakikutozi senti zaidi. Ada ya mgeni huwa kubwa kuliko ya mwenyeji. Msaada huo umeshaulipia. Weka miadi wiki hii, kabla insha ya kwanza haijakufikia shingoni.