Kuku Hana Chuchu

Ijumaa iliyopita nilipanda basi pale Kemp Mill, Silver Spring, karibu na Washington, nimempakata kuku mzima wa kuoka. Kapakwa asali, anang'aa kama kiatu cha bwana harusi, na hakuna aliyemgusa. Abiria walinigeukia kwa harufu. Laiti wangejua kwamba mimi na kuku tumefukuzwa jikoni pamoja!

Nilikuwa nikiipikia familia ya Kiyahudi chakula cha Sabato. Kuku alikuwa kosheri: kachinjwa na mchinjaji wao, kalowekwa nusu saa, kakaa kwenye chumvi saa nzima, kasuuzwa mara tatu. Hata oveni aliiwasha mama mwenye nyumba, maana mpishi asipokuwa Myahudi, sharti mmoja wao awe na mkono katika moto. Nikachanganya asali, haradali na kitunguu saumu. Ili ing'ae, nikatia na siagi. Mama akaingia, akaona karatasi ya siagi, akashika kichwa.

Torati inakataza mara tatu kumpika mwanambuzi katika maziwa ya mamaye. Wanazuoni wakatoa humo makatazo matatu: usipike, usile, usinufaike. Sawa, mbuzi ana mama na mama ana maziwa. Kuku je, chuchu zake ziko wapi? Wanazuoni walijua hana. Walimwongeza kwa tahadhari, maana aliyezoea kuku kwa siagi, kesho atamjaribu ng'ombe. Talmudi yenyewe inasimulia kwamba kwa Rabi Yose wa Galilaya watu walikula ndege kwa maziwa bila wasiwasi. Mimi nimechelewa kuzaliwa kwa karibu miaka elfu mbili! Na kwa kuwa katazo la kuku ni la wanazuoni, kunufaika naye kunaruhusiwa, ndiyo maana nikaambiwa niende naye. Angekuwa ng'ombe, hata paka asingeonjeshwa.

Kupika mwingine hakukuwezekana. Mishumaa ya Sabato huwashwa dakika 18 kabla ya jua kuzama, na Desemba jua la Washington huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Wakala jodari wa kopo. Sinia la kuku likawekwa kando, limsubiri rabi aamue.

Jumapili nilirudi kazini, nikakoroga uji wa maziwa kwa mwiko wa nyama. Mwiko nao ukaenda kukaa na sinia.

Jumatatu ni habari ya sinki. Tuiache.

Kucheka nacheka, lakini bei ya kuku yule, na kuku wa kosheri ni ghali, imekatwa kwenye ujira wangu. Sheria iliyojaza vitabu kwa vitabu, mimi nilifundishwa kwa dakika moja mlangoni: kabati hili la nyama, lile la maziwa. Siagi hakuitaja mtu.

Ndugu zangu mnaofanya kazi za majumbani huku, tangu 2009 sheria ya kaunti yetu hii ya Montgomery inamtaka mwajiri akupe nafasi ya kuandikiana mkataba, ukifanya kazi saa 20 au zaidi kwa wiki. Udaini. Na humo iandikwe wazi: kuku akiharamika, nani analipa.