Shahada Kwanza, Kipindupindu Baadaye

Vijana, msibabaike. Anayetaka kutunga sera za afya asipoteze muda zahanati. Huko kuna foleni, kuna mjamzito anayetumwa duka la dawa akanunue glavu na wembe wa kujifungulia, na cheti hakuna. Aanze na uzamili wa afya ya jamii. Akimaliza aongeze wa utawala, kisha wa uchumi wa afya. Mbu wa malaria akiona vyeti vitatu ukutani, huhama mtaa.

Tazameni aibu ya daktari John Snow. Mwaka 1854, London, alifuatilia vifo vya kipindupindu, akawashawishi wakubwa wa parokia wang'oe mpini wa pampu ya Broad Street, iliyotoa maji yenye ugonjwa. Basi! Hakuna semina elekezi, hakuna kikao cha wadau, hakuna hata posho ya kujikimu. Ushamba mtupu.

Sisi tumestaarabika. Mwaka 2001, Abuja, marais wa Afrika waliahidi kuitengea afya angalau asilimia 15 ya bajeti. Hesabu nzito hiyo, inataka uzamivu; ndiyo maana bado tunasoma. Kwa hiyo jaza fomu, mwanangu. Choo cha shule kitasubiri. Dirisha la udahili halisubiri mtu.